Singo ya kwanza ni makisio ya kampuni

Tarehe 1 Aprili 1980 mwimbaji wa Japani Matsuda Seiko, aliyekuwa na umri wa miaka 18, alitoa singo yake ya kwanza, "Hadashi no Kisetsu", nao wimbo ukaingia majumbani mwa Wajapani kabla wengi wao hawajaijua sura yake. Ulitumika katika tangazo la televisheni la sabuni ya uso ya kampuni ya vipodozi ya Shiseido iliyoitwa Ekubo, yaani kishimo cha shavuni, na mwenyewe alikuwa amefanyiwa usaili ili aonekane katika tangazo hilo. Kwa bahati mbaya, alipotabasamu, mashavu yake hayakufanya kishimo chochote. Basi sura ikawa ya msichana mwingine na sauti ikabaki yake. Ukiusikiliza leo utalisikia jina la bidhaa likiimbwa waziwazi mwanzoni mwa kiitikio, kwa sauti ya juu isiyo na wasiwasi, kana kwamba anayeimba anavyo vishimo hivyo.

Wimbo ulifika nafasi ya 12 katika Oricon, chati ya mauzo ya muziki ya Japani. Wa pili, "Aoi Sangosho", ulipanda hadi nafasi ya 2, na wa tatu ukashika nafasi ya kwanza na kuanzisha mfululizo wa singo 24 zilizoongoza chati bila kukatika. Nyimbo zote tatu zilitungwa na watu walewale, Miura Yoshiko kwa upande wa maneno na Oda Yuichiro kwa upande wa muziki, hivyo kilichobadilika si kipaji cha watunzi. Kwa maoni yangu, kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wamekwisha kumsikia akiimba mbele ya watu. Singo ya kwanza ya aidoru, yaani nyota kijana anayeandaliwa na kampuni ya burudani, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, ilikuwa makisio ya kampuni juu ya msichana ambaye hakuna aliyemjua bado, na ndiyo sababu napenda kuzisikiliza hata zile zilizoshindwa.

Yamaguchi Momoe ni mfano mkali zaidi. Alipatikana kupitia shindano la televisheni la "Star Tanjo!", na tarehe 21 Mei 1973, akiwa na miaka 14, akatoa "Toshigoro", wimbo wa upole ambao ungeweza kupewa msichana yeyote wa rika lake. Uliishia nafasi ya 37. Miezi michache baadaye watunzi walewale, Senke Kazuya na Tokura Shunichi, walimwandikia "Aoi Kajitsu", wenye maneno ya mapenzi yaliyomzidi umri kwa mbali, nao ukaingia katika kumi bora. Sauti yake nzito na uso wake usiocheka ovyo vilipata mahali pake hapo, hilo siwezi kulikana. Lakini pia siwezi kuusikiliza bila kukumbuka kwamba walioamua hivyo walikuwa watu wazima na aliyeimba alikuwa mtoto wa shule.

Umri wenyewe ulikuwa bidhaa, wala haukufichwa. Minami Saori kutoka Okinawa, kisiwa kilichokuwa bado chini ya utawala wa Marekani, alianza Juni 1971 kwa wimbo ulioitwa "17-sai", yaani miaka 17, ilhali alikuwa amebakiza mwezi mmoja kuufikia umri huo. Yeye alibahatika, kwani wimbo ulifika nafasi ya 2. Matsumoto Iyo, mwaka 1981, alijitaja kwa jina ndani ya "Sentimental Journey" na kusema kwamba yeye bado ni wa miaka 16. Koizumi Kyoko alianza Machi 1982 kwa "Watashi no 16-sai", miaka yangu 16, na hapo kuna kichekesho kidogo: haukuwa wimbo mpya. Ulikwisha kurekodiwa na mwimbaji mwingine mwaka 1979 kwa jina jingine kabisa, kampuni ikaubadilisha jina na kumvisha Koizumi kama sare ya shule iliyoachwa na dada mkubwa.

Mwaka huo wa 1982 ndio ninaourudia mara nyingi zaidi, kwa sababu ya Nakamori Akina. Singo yake ya kwanza, "Slow Motion", ilitoka tarehe 1 Mei. Maneno ni ya Kisugi Etsuko na muziki ni wa mdogo wake, Kisugi Takao. Ni wimbo wa taratibu kuhusu watu wawili wanaokutana ufukweni, na Akina anauimba kwa uangalifu, akishusha sauti mwishoni mwa mistari badala ya kuirusha. Ulikomea nafasi ya 30. Wa pili, "Shojo A", ulitaja msichana kwa herufi tu, kama magazeti ya Japani yanavyowataja watoto waliovunja sheria. Mwenyewe hakuutaka, lakini ulifika nafasi ya 5 na kumpa sura ya ukaidi iliyomfuata kwa miaka. Hata hivyo, ukifuatilia nyimbo zake za taratibu za baadaye, utaona kwamba makisio ya kwanza hayakuwa na kosa, ila yaliwahi mno. Mwisho wa mwaka, Tuzo za Rekodi za Japani ziliteua wasanii wapya watano, na si Akina wala Koizumi aliyekuwemo.

Siku hizi kampuni hazikisii gizani namna hiyo, kwa kuwa kundi huwa na kipindi chake cha televisheni na mashabiki wake kabla ya kuuza wimbo hata mmoja. Kundi la wasichana la Keyakizaka46 walitoa "Silent Majority" tarehe 6 Aprili 2016, ukaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza. Katikati alisimama Hirate Yurina, mwenye miaka 14 kama Momoe alivyokuwa, wakiwa wamevaa sare za rangi ya kijani zilizofanana na za kijeshi, wakiimba dhidi ya kufuata mkumbo. Ni singo ya kwanza iliyolenga shabaha barabara kuliko zote nizijuazo, na nadhani hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu kundi zima likafungwa katika sura ile na sura ile ikamtegemea msichana mmoja. Hirate aliondoka Januari 2020. Ilipofika Oktoba mwaka huohuo, waliobaki waliacha jina la Keyakizaka46, wakajiita Sakurazaka46, na ikabidi watafutiwe singo nyingine ya kwanza.