Mjukuu wa Uyole na mjukuu wa London

Huku Nyanda za Juu Kusini ni nadra siku hizi kumkuta bibi au babu ambaye wajukuu wake wote wanasikia wakiitwa kuja kula. Mmoja yuko Uyole hapa hapa Mbeya, wawili wako Dar, mwingine Mwanza, na yupo aliyezaliwa Uingereza ambaye Mbeya anaijua kwa picha tu. Wazee wengi huhangaikia hao wa mbali, wakasahau kwamba hata yule wa Uyole anaweza kukua bila kuwajua. Wote wawili hushikwa na kitu kimoja: jambo dogo linalokuja kwa siku yake. Simu ya saa nzima mara tatu kwa mwaka haimfikii mtoto wa miaka sita. Ya dakika kumi kila Jumapili inamfikia.

Anza na saa, maana ndipo panapoharibika. Saa 11 jioni hapa kwetu ni saa 8 mchana London mwezi Januari, na saa 9 alasiri mwezi Julai. Kwa New York ni saa 3 asubuhi Januari, saa 4 asubuhi Julai. Wakati huo huku watu wameshatoka kanisani na moto wa chakula cha usiku haujakolea, kwa hiyo unafaa pande zote. Sisi hatuchezei saa zetu, wao huzibadilisha mara mbili kwa mwaka: Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba; Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Andika tarehe hizo kwenye kalenda ya ukutani, la sivyo kila Novemba utasema watoto wamekususa.

Kuna na mtego wa lugha. Mtoto aliyelelewa nje akisema "nitapiga saa tano" huenda anafasiri saa ya Kiingereza, yaani saa 11 yetu. Bibi anakaa na simu tangu saa 5 asubuhi hadi chakula kinapoa. Mwulize kila mara: asubuhi au jioni? Jua liko wapi hapo kwenu?

Simu ya picha yenyewe ina kasoro zinazojirudia kila nyumba. Mzee huiweka sikioni, mtoto wa London anaona sikio na ukingo wa kofia. Au anakaa na dirisha mgongoni, uso unakuwa kivuli cheusi. Dawa ni rahisi: weka simu juu ya meza, iegemee kopo la majani ya chai, dirisha liwe mbele yako, kamera ilingane na macho. Redio izimwe. Aongee mtu mmoja kwa wakati, maana sauti huchelewa kidogo na mkiongea pamoja hakuna anayesikika. Kwenye mipangilio ya WhatsApp zima ule upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe. Makundi ya ukoo na ya kwaya yakimaliza bando Jumamosi, Jumapili hakuna simu. Mtandao ukisumbua, zima picha ubaki na sauti.

Mwenye kitochi asione haya. Simu ya kawaida inatosha kabisa ikiwa kuna cha kusema, na hapo ndipo wengi hukwama. "Hujambo? Unasoma? Umekula?" Mtoto anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha anakimbia. Mpe kazi. Vitendawili vilitungwa kama vile vinaisubiri simu:

"Kitendawili!"
"Tega!"
"Nyumba yangu haina mlango."

Akishindwa, usimwambie. Desturi inataka akupe mji ndipo upewe jibu, lakini mwache alale nalo wiki nzima. Jumapili ijayo atapiga yeye mwenyewe akipiga kelele kwamba ni yai. Wiki inayofuata mtegee "kuku wangu ametagia miibani" (nanasi, ikiwa hukumbuki). Chini ya miaka mitano, dakika tatu zatosha: mwonyeshe kuku, mwonyeshe mvua, muage. Na salamu zianze kwa utaratibu, "Shikamoo bibi", "Marahaba", halafu ongeza ile ya nyumbani, Ugonile kwa Wanyakyusa, Kamwene kwa Wahehe na Wabena. Mtoto anayeijua hiyo moja tu hafiki kijijini akiwa mgeni mtupu.

Jambo lisilosemwa vya kutosha: simu ya wajukuu hupita mikononi mwa mkamwana. Bibi anayempigia mwanawe pekee, akimruka mama watoto, atashangaa kwa nini kila Jumapili watoto "wamelala". Mpigie yeye kwanza, muulize habari zake, mshukuru. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakuonana uso kwa uso na baba mkwe, na zipo familia ambazo bado zinalichunga hilo kwa namna yao. Basi simu ya picha aifungue bibi, mtoto ashike simu, babu aje mama akishaondoka mbele ya kamera. Hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kuhusu pesa, tutapita haraka. Ukituma, weka na ya kutolea. Namba yako ya siri asiijue mjukuu hata yule mpole kuliko wote. Na ukipata ujumbe "Babu, simu yangu imepotea, hii ndiyo namba mpya, tuma hapa", piga ile ya zamani kwanza, au uliza jina la utani ambalo unamwita wewe peke yako.

Sasa mzigo. Hapa tuna ubishi na wazee wenzetu wanaosubiri gunia lijae. Tuma kidogo, mara nyingi: katoni moja isiyozidi kilo 20, ambayo mama wa Dar anaweza kuipakia kwenye bodaboda bila kuomba msaada.

Maharage yawe makavu kweli. Ng'ata moja: likipasuka ni kavu, likibonyea bado. Kipimo kizuri zaidi ni chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia maharage hadi robo, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha maharage juani. Mahindi nayo yapimwe vivyo hivyo, tena kwa makini zaidi, kwa sababu yakifungwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Viazi mviringo visioshwe. Vitie kwenye mfuko unaopitisha hewa lakini usiopitisha mwanga. Mwanga huvifanya vya kijani na vichungu, na hivyo si vya kumpa mtoto.

Parachichi haliivii mtini, hulainika baada ya kuchumwa. Chuma lililokomaa likiwa gumu, ukate kwa mkasi na kuacha kikonyo kifupi. Likinyofolewa, kuoza huanzia kwenye lile tundu. Panga safu mbili tu, karatasi za magazeti katikati, na katoni itobolewe matundu ubavuni. Usiliweke pamoja na ndizi mbivu: hewa inayotoka kwenye ndizi huliivisha, na safari ya Dar ikifika mwisho utakuwa umetuma uji. Ila waambie wapokeaji watumie ujanja huohuo kwao, ndizi moja mbivu na parachichi ndani ya mfuko wa karatasi, kama wana haraka. Ulanzi wa Iringa, ile pombe ya mianzi, usitie kabisa kwenye dumu lililofungwa. Unaendelea kuchacha njiani, dumu linavimba, na mizigo ya watu inalowa kabla hata ya Mikumi.

Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji pande mbili za katoni kwa kalamu nene, na karatasi yenye maneno hayohayo uiweke ndani, kwa sababu mvua hufuta. Piga picha katoni na risiti. Uliza mzigo unashushiwa ofisi gani: "Dar" si jibu, kutoka stendi ya Magufuli hadi Mbagala ni safari nyingine. Ndani ya katoni kila mtoto awe na kifuko chake chenye jina, hata kama ni karanga kikombe kimoja. Maharage ni ya mama. Karanga ndizo zinazomwambia mtoto kwamba bibi anamjua.

Wa nje ya nchi usiwahangaishe na vyakula. Nyama na maziwa hunyang'anywa uwanja wa ndege, matunda mabichi na mbegu zina masharti yake. Majani ya chai ya Rungwe yaliyofungwa kiwandani, kanga, na barua ya mkono vinafika.

Likizo ya Juni na ile ndefu ya Desemba ndizo za kuwaalika. Juni ni baridi. Njombe na Makete umande huganda, na mtoto wa Dar anakuja na kaptula. Waambie mapema: sweta mbili, soksi, kofia. Njiani, kona za Kitonga huwatapisha wengi. Chakula chepesi asubuhi, kiti cha mbele, mfuko mkononi. Aje na kadi ya bima, na aliye chini ya miaka mitano aje na kadi ya kliniki. Akipata homa ndani ya mwezi wa kwanza, usiseme ni baridi. Mpeleke akapimwe malaria na umwambie mhudumu kwamba katoka Pwani, kwani vimelea huweza kukaa wiki moja hata nne kabla ya homa. Na kinyume chake: wewe wa Makete ukienda kuwasalimia Dar au Kyela, lala ndani ya chandarua kila usiku, mwili wako haujaizoea malaria kama wao. La mwisho, jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala hata mtoto akilia baridi. Gesi yake haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Ongeza blanketi.

Tuje kwa huyu wa Uyole. Yeye ndiye anayechota maji, anayetumwa dukani, anayekusomea ujumbe. Wa Dar akija anachinjiwa kuku. Mtoto anahesabu hayo, hata asiposema. Mpe kitu chake: mtetea mmoja, na vifaranga viwe vyake vya kuuza. Jumapili asiwe mshika simu tu, yeye ndiye ategue na kutega kwa niaba ya nyumba. Mwite siku moja kwa wiki bila kumtuma.

Kwenye ardhi inayofaa, kila mjukuu, wa karibu na wa mbali, apandiwe mparachichi wake. Tumia miche iliyobebeshwa, nafasi ya mita 7 kwa 7, nayo huanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne. Mti wa mbegu utakuchosha kusubiri. Funga kibao chenye jina, na kila mwaka mwezi uleule piga picha yule wa Uyole akiwa amesimama kando yake, umtumie mwenye mti. Ila sema wazi mbele ya baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi kwamba kilichotolewa ni matunda, ardhi ni ya ukoo. Lisiposemwa leo, litasemwa msibani.

Na mwisho nunua kaunta buku. Kila mtu apewe ukurasa: jina la cheti, jina la nyumbani, tarehe na mahali alipozaliwa, wazazi, amerithi jina la nani, namba ya simu. Kwa kuwa tunarithisha majina, utakuta watatu wenye jina moja. Watenganishe kwa mahali, "wa Mafinga", "wa Tukuyu". Acha nafasi ya vitukuu na vilembwe. Jaza kwa kalamu ya wino, isipokuwa namba za simu: hizo tumia penseli, zinabadilika. Kila Desemba watu wakikusanyika, mjukuu mmoja apige picha kurasa zote na kuzituma kwa nyumba mbili zilizo mbali na kwako.