Klasta Ilikwisha, Bili Ikaendelea

Mwaka 2024 ofisi yetu ya Ntinda, Kampala, iliuhamishia mfumo wa vyama vya wakulima wa kahawa kwenye seva moja ya kawaida. Klasta ya Kubernetes, yaani kundi la seva za kukodi zinazoendeshwa kama kitu kimoja, aliyotuachia mkandarasi ilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Mwenzangu akaivunja kwa amri moja, tukaagiza rolex za chapati na mayai, tukala.

Mwezi uliofuata kadi ya ofisi ikakatwa pesa tena. Aliyeliona ni mama mhasibu, mzaliwa wa Bombo, ambaye Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Tororo.

"Mwanangu, nyumba mmehama, mbona kodi bado inalipwa?"

Shida ni kwamba programu inayojenga klasta inajua vile ilivyovijenga yenyewe tu. Klasta ikishasimama, nayo huagiza vyake. Ukitangaza huduma ya aina ya LoadBalancer, inaomba loadi balansa, kigawanya maombi yanayoingia, kwa mwenye wingu, yaani Amazon anayetukodishia seva. Ukitaka hifadhi, inaomba diski. Ukiivunja kabla ya kuzifuta huduma hizo, umemwondoa yule ambaye angevirudisha.

Nikaanza kusaka kwa lebo zinazoanza na kubernetes.io/cluster. Loadi balansa zikajitokeza, nazo ndizo zilizokuwa zimeuzuia mtandao wa klasta usifutike, maana bado zilikuwa na anwani ndani yake. Lakini lebo haimkamati aliyetengeneza kitu kwa mkono. Geti ya NAT, mlango ambao seva za ndani hutokea kwenda intaneti, niliipata kwa kupekua ukurasa mmoja mmoja, haina lebo, haina jina. Kwenye vituo vyake vya Virginia, Amazon huitoza senti 4.5 za dola kwa saa hata isipopitisha chochote, yaani zaidi ya dola 32 kwa mwezi. Na tangu Februari mwaka huo, kila anwani ya umma ya IPv4, namba ya kufikiwa kwenye intaneti, hulipiwa nusu senti kwa saa, iwe inatumika au imelala. Vitu hivyo nilifuta bila huruma.

Diski ni habari nyingine. Zilikuwa zimewekewa sera ya Retain, maana yake ombi la hifadhi likifutwa ndani ya klasta, diski yenyewe ibaki, na mtu haweki hivyo bila sababu. Nikaiunganisha moja na seva ndogo, nikakuta hifadhidata ya madeni ya msimu uliopita. Nikamwita mama aje aone.

"Hiyo usiiguse," akasema, huku akivuta kiti. Kumbe mwenyekiti wa chama kimoja alikuwa akibishana naye kuhusu mkopo wa mbolea, na stakabadhi zenyewe zilikuwa humo. Alasiri nzima tukazitoa, yeye akisoma majina, mimi nikitafuta. Kisha nikapiga snapshoti, yaani nakala ya diski, na kuifuta diski yenyewe.

Bili iliyofuata ilikuwa na mstari mmoja mdogo wa hifadhi. Akaniletea mezani.

"Na hizi senti?"

"Hiyo ni snapshoti, mama. Ya mbolea."

Akaweka tiki, akaenda zake.