Kamusi yangu ya vitenzi: nimefika kwenye "vunja"

Mnaofuatilia mradi huu mnajua ninachofanya: nakusanya vitenzi na kuviandikia mifano kama watu wanavyovisema majumbani, sokoni na kwenye daladala. Herufi V niliiona nyepesi. Kumbe "vunja" peke yake inakula kurasa.

Vitu vya kushikika vilipangika upesi. Huvunjwa kilicho kigumu: sahani, nazi, kijiti, mfupa. Kamba hukatika, nguo huchanika, ukuta hubomoka, redio huharibika. Kioo ndicho kigeugeu. Kikiwa na ufa kimepasuka. Kikitawanyika vipande kimevunjika. Kwa hesabu hiyo simu nyingi mitaani zimepasuka tu, na wenyewe wanaendelea kuzitumia.

Fungu la pili ni ndoa, mkataba, ahadi, mwiko. Humo nimetia na Bunge: Ibara ya 90 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inaeleza ni wakati gani Rais anaweza kulivunja, na bila shaka hakuna anayebeba nyundo kwenda Dodoma. "Kuvunja rekodi" nimeipa mstari wake. Kelvin Kiptum alipomaliza marathoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2:00:35, alivunja rekodi ya Eliud Kipchoge ya 2:01:09. Nahisi usemi huu tumeuazima Kizungu, lakini watangazaji wa mpira wameshaufanya wetu. Unabaki.

Vunjajungu nimemwandikia mara mbili. Yuko mdudu yule wa kijani anayekunja mikono kama anaomba dua. Wazee husema ukimgusa utavunja chombo. Halafu kuna vunja jungu, ile karamu ya siku za mwisho za Shaaban, watu wanakula na kustarehe kabla Ramadhani haijaingia. Naziacha mbali mbali, mtu asije akatafuta sherehe akapata mdudu.

Kilichonichelewesha hasa ni "amevunjika mguu". Mguu ndio uliovunjika, lakini kitenzi kinamshika mtu, mguu unafuata nyuma kuonyesha ameumia wapi. "Mguu wake umevunjika" ni sahihi pia, ila jirani akija na habari atasema fulani kavunjika mguu. Methali nayo imepita njia hiyo hiyo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilipoanza kutega sikio nikakuta ndugu zake kila mahali: amevimba shavu, amekatika kidole, amevunjika moyo. Basi hili halikai chini ya "vunja" tena. Nimelihamishia kwenye ukurasa wa sarufi, na vitenzi nilivyokwisha kuvimaliza itabidi nivipitie upya.

"Vunjia" nayo ina vituko. "Nivunjie nazi" ni ombi. "Umenivunjia sahani" ni lawama, na sauti ya msemaji inakuambia kabla hujafika mwisho wa sentensi. "Nyundo ya kuvunjia mawe" ni chombo cha kazi. Umbo moja, kazi tatu. "Amenivunjia heshima" nimeiweka pamoja na sahani, kwa sababu kuna mtu amepata hasara. Ya Nairobi, "nivunjie hii elfu", ipo pamoja na nazi: anaomba noti igawanywe ziwe ndogo ndogo. Dar es Salaam mwenye noti kama hiyo ataomba chenji.

Bado "kuvunja ungo". Maana yake inajulikana, msichana kubalehe, ila nataka mfano unaosemwa kwa staha, na huo hautoki kwangu. Shangazi ameahidi kunisaidia mradi nisimrekodi. Nikishauandika, nahamia "vuta".