Bamvua la Mto Thames

Nilipomwambia mama nimejiunga na klabu ya mbio hapa London, alinyamaza. Kwetu Pangani kilabu ni pale watu wanapokwenda kunywa tembo. "Ni mbio tu, mama," nikamtuliza. Halafu ikaja Jumamosi ya Disemba nikajikuta natoka baa naingia baa, tena nakimbia.

Ndiyo desturi yao. Krismasi ikikaribia mazoezi ya kasi huwekwa kando, watu huvaa kofia nyekundu na masweta ya kuchekesha, kila mmoja anachanga paundi 20, kisha mnakimbia taratibu na kusimama kila penye bia. Mimi ni wa soda ya tangawizi, lakini mchango ni uleule.

Tulitoka Putney saa nane mchana, watu 16, tukashika njia ya udongo ya ukingo wa kusini. Hapo ndipo panapoanzia mashindano ya makasia ya Oxford na Cambridge, kilomita 6.8 hadi Mortlake. Wao huzimaliza kwa dakika kumi na kitu. Sisi tulikuwa tunaishia Barnes, kabla ya mwisho wao, na ilituchukua zaidi ya saa tatu.

Tukavuka Daraja la Hammersmith, la mwaka 1887, la kijani lenye nakshi za dhahabu. Limefungwa kwa magari tangu Aprili 2019 kwa ajili ya nyufa, kwa hiyo unakimbia katikati ya barabara kama umeachiwa urithi. Ng'ambo, kichochoroni, ipo The Dove, baa kongwe yenye kijichumba kilichowahi kuingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa udogo wake. Tuliingia wanne tu, miwani yangu ikaziba kwa mvuke wa jasho. Nikatoka nje kupumua.

Hapo ndipo nilipoutazama mto. Vijiti na chupa tupu vilikuwa vinapanda kwenda juu, mto unarudi ulikotoka. Na juzi yake, kupitia dirisha la basi, nilikuwa nimeuona mwezi mpevu. Kwetu pwani mwezi ukiwa hivyo maji hujaa kupita kawaida; ndiyo bamvua.

"Dada, haya ni maji ya bamvua," nikamwambia mwenzangu wa Nakuru. "Mbele hatupiti."

"Wewe nawe! Mtu wa pwani na maji yako. Mto una bamvua?"

"Huu unalo, mpaka Teddington huko juu."

Akaenda kuwahadithia wengine, wakacheka.

Tulipofika mtaa wa Chiswick Mall, barabara haikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda ukingo, yametulia kimya katikati ya nyumba za kitajiri na bustani zao, yamefika nusu ya magurudumu ya magari yaliyoegeshwa. Bata maji wawili walikuwa wanaelea mahali penye alama ya kuegesha. Kijana mmoja akavua viatu, akaingia hadi magotini. Hatua kumi, akarudi mbio kuliko alivyokimbia siku nzima. Kiongozi wetu akatoa simu: maji kujaa saa kumi kasorobo. Wote 16 tulikuwa na simu mfukoni.

Kulikuwa na njia ya kuzunguka kupitia barabara kuu, lakini baa ya Black Lion ilikuwa palepale pembeni, na moto unawaka ndani. Mjadala haukuchukua muda. Ghafla nikawa mtaalamu: bado kiasi gani? Nikawaeleza kwamba maji yakishajaa husimama kidogo, ndipo yaanze kupwa, na bamvua likipwa hupwa kweli. Dada wa Nakuru akaniletea tangawizi ya pili bila kusema neno.

Saa kumi na moja na nusu tukawasha taa za kichwani. Giza lilikuwa limeshaingia kitambo. Lami ilikuwa imeachiwa tope jembamba, majani na glavu moja ya mtoto. Tukapita kwa kutambaa kama kaa, kisha viwanjani, kisha juu ya Daraja la Barnes, ambapo njia ya miguu imebanana na reli na treni ikipita unaisikia kwenye meno.

Ndani ya White Hart, baa yetu ya mwisho, simu ikaita: mama. Kwao ilikuwa karibu saa nne usiku.

"Umetoka kilabuni?"

"Vilabu vitatu, mama. Bamvua lilitufungia njia."

"Huko nako kuna bamvua?"

"Limepanda mpaka barabarani."

Akawaza kidogo. "Na samaki je, wamepata?"