Kadi mbovu za mwaka huu na utamu wake

Nimekaa napanga zile kadi zangu za gofu za mwaka mzima, zingine zililoa mvua mpaka namba hazisomeki, nikaona kitu cha ajabu kidogo. Ile raundi niliyocheza vizuri kuliko zote, niliyoshuka chini ya mikwaju 90, karibu sikumbuki kitu. Mpira katikati, mpira kwenye grini (zile nyasi fupi zenye shimo), pata mbili (mapigo ya kuusukuma mpira shimoni), haya shimo linalofuata. Basi. Ila zile raundi za aibu, hizo nakusimulia pigo kwa pigo kama zimetokea jana.

Ya kwanza ni ile ya banka, yaani dimbwi la mchanga. Siku hiyo nilikuwa nimeshavurugika tangu shimo la pili, sasa mpira ukaenda kuzama mchangani chini ya ukuta wa nyasi unaonifika kifuani, na shimo lenyewe liko karibu kabisa na ukingo, yaani hata nafasi ya mpira kubingirika hakuna. Mwaka mzima nimekuwa nikifundishwa kitu kilekile, fungua uso wa wedji (fimbo ya kunyanyua mpira juu), zamisha miguu kidogo, piga mchanga sio mpira, kama vidole viwili nyuma yake, halafu usikate swingi njiani hata moyo ukikwambia kata. Nikapiga. Ikatoka sauti laini, puf, mchanga ukanirudia usoni na mpira sikuuona kabisa, nilichoona ni mwenzangu kanyanyua fimbo yake ya pata juu. Nikapanda kuchungulia, mpira umelala shibiri moja kutoka kwenye shimo! Kwenye kadi niliandika bogi, yaani pigo moja zaidi ya par (idadi ya mapigo iliyowekwa kwa shimo), lakini badi zangu zote za mwaka, zile za pigo moja pungufu, niweke pembeni, hiyo bogi ndiyo yangu.

Halafu kuna ile Jumapili ya Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, tarehe 13 Aprili 2025, najua kila mtu ameshaiongelea lakini niacheni na mimi. Rory McIlroy pale shimo la 13 uwanja wa Augusta, yuko kwenye feawei (njia ya nyasi fupi), wedji mkononi, pigo ambalo hata sisi wa wikiendi tungesema hili jepesi, akautumbukiza majini. Nilisimama nikazunguka chumba. Shimo la 18 akakosa pata fupi ya kumaliza kazi, wakawa sare, wakaenda mchujo na Justin Rose, akashinda shimo lilelile la 18 kwa badi, akapiga magoti akalia. Kwa ushindi huo akawa mwanamume wa sita kuchukua mataji yote manne makubwa. Wengi wanakumbuka machozi, mimi nakumbuka wiki ile alikuwa na dabo bogi 4 (mapigo mawili zaidi ya par) na bado akavaa koti la kijani la mshindi. Mwezi Juni tena, US Open, jingine kati ya yale manne, kule uwanja wa Oakmont, J.J. Spaun alianza siku ya mwisho kwa bogi 5 kwenye mashimo 6 ya kwanza, mimi nikasema huyu kwisha habari yake, mwisho wa siku akaingiza pata ya kama mita 20 shimo la 18 na kombe likawa lake. Tangu hapo mtu akiharibu mashimo ya mwanzo akataka kurudi nyumbani namtajia Spaun tu.

Sasa hii ya mwisho wala sio yangu, ni ya mzee mmoja tunayecheza naye. Shimo la par 3, yaani la mapigo matatu, grini imejificha nyuma ya kilima. Mzee akapiga kwa fimbo yake ya haibridi, mpira ukaenda chini chini, ukagonga ubavu wa kilima ukapotea. Akasema huo umeshakwenda vijana. Tunafika, grini haina mpira wake, na sheria tangu 2019 inakupa dakika 3 tu za kutafuta, sio 5 kama zamani, kwa hiyo tukatawanyika haraka, mmoja kwenye rafu (nyasi ndefu), mmoja nyuma ya banka, mzee ananung'unika anataka arudi kwenye tii, pale pa kuanzia, apige mwingine. Mimi napita karibu na bendera nikaona kitu cheupe. Mpira umebanwa kati ya mti wa bendera na ukingo wa shimo, nusu ndani nusu nje. Sheria hapo haina utata, mpira ukiegemea bendera na sehemu yake yoyote ikiwa chini ya usawa wa grini, huo umeingia.

"Mzee, njoo uone mwenyewe, mimi sigusi."

Akaja polepole, akainama, akavua kofia, akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa nani ameuona ukiingia?" Kimya. Mashahidi tele na hakuna aliyeona kitu! Kadi yake ya siku hiyo ina 1 imekaa katikati ya 7 na 8, ameikunja yuko nayo kwenye mfuko wa fimbo, na ukimuuliza alipigaje anakujibu bila hata kucheka kwamba kile kilima alikilenga makusudi.