Nilivyokadiria safari ya mama kutoka Johannesburg hadi Sydney

Mama humeza kidonge kila baada ya saa 12. Kwa hiyo alipoalikwa Sydney, akapata ndege ya moja kwa moja kutoka Johannesburg, swali lake halikuhusu nauli. “Mwanangu, huko angani nitakaa saa ngapi, na kidonge nitakimeza wapi?”

Nilianza vibaya. Nilichukua rula na ramani ya ukutani, nikapiga mstari ulionyooka kukatiza Bahari ya Hindi, bila kukumbuka kwamba karatasi ni bapa na dunia ni mviringo. Kati ya miji hiyo miwili, kuufuata mstari huo huongeza karibu kilomita 800. Ndipo nikachukua tufe la dunia na uzi. Nilishika ncha moja juu ya Johannesburg na nyingine juu ya Sydney, na kadiri nilivyoukaza, uzi uliteleza wenyewe kuelekea kusini hadi karibu na latitudo ya 50, upande wa Antaktika. Niliulaza kwenye ikweta, yenye urefu wa takriban kilomita 40,000, nao ukafunika zaidi kidogo ya robo yake. Hesabu ya latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili ilinipa digrii 99 za duara. Kila moja ni kama kilomita 111, hivyo umbali ni takriban kilomita 11,000.

Kugawanya kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa kulinipa saa 12 na dakika chache, na hapo ningeridhika, kumbe bado kuna upepo. Katika latitudo hizo, huko juu zinakopita ndege, upepo huvuma kwa nguvu kutoka magharibi: anayekwenda Sydney husukumwa mgongoni na hutumia karibu saa 12, ilhali anayerudi hupambana nao na huweza kufikisha saa 14.

Kilichonichosha zaidi ni saa zenyewe. Sydney imeitangulia Johannesburg kwa saa 8, au 9 kuanzia Oktoba hadi Aprili, wanaposogeza saa zao mbele. Mama alisafiri Juni, kwa hiyo ndege iliyoondoka saa kumi na mbili jioni ingetua saa nane mchana wa siku ya pili, ingawa kwa mwili wake ilikuwa alfajiri ya saa kumi na mbili. Nilimwandikia: kidonge kimoja kabla ya kupanda, kingine baada ya kutua.

Kurudi kulihitaji karatasi nyingine. Angeondoka Sydney saa tatu asubuhi na kufika saa tisa alasiri siku hiyohiyo, kana kwamba amesafiri saa 6 tu. Mstari wa kwanza niliupigia kistari kwa wino mwekundu: “Usifuate saa ya uwanjani. Kidonge ni ndani ya ndege, saa 12 baada ya kile cha mwisho.”