Njia ndefu mkiwa wawili: mzigo, mwendo na hema moja

Wapenzi wakipanga safari ya miguu ya miezi kadhaa, mazungumzo huanzia kwenye hema na viatu. Sisi tunashauri muanze na hili: mmoja akishindwa njiani, mwingine ataendelea? Appalachian Trail ya Marekani ina zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Pacific Crest Trail, toka mpaka wa Mexico hadi wa Kanada, inafika kama 4,265. Kwa umbali huo maumivu ya goti ni jambo la kutarajiwa kabisa, na siku goti limevimba hakuna anayejibu swali hilo kwa utulivu. Kubalianeni nyumbani, mkiwa mmeshiba.

Faida ya kwanza ya kuwa wawili ni uzito: hema moja, jiko moja la gesi, sufuria moja ya lita moja na nusu hivi. Wengi hukosea pale wanapogawana nusu kwa nusu. Chukulia mwenye kilo 85 na mwenye kilo 55, kila mmoja na kilo 12 mgongoni. Wa kwanza amebeba asilimia 14 ya uzito wake, wa pili karibu 22. Wagawanye kilo 14.5 kwa 9.5 na wote wako kwenye 17. Kisha kumbuka chakula huliwa: aliyekibeba hupungukiwa zaidi ya kilo moja kila siku, na siku ya tatu yule mwepesi ndiye mwenye mzigo mzito. Kwa hiyo pangeni upya kila asubuhi, hata kama ni kuhamisha sufuria na mtungi wa gesi tu.

Kuna vitu havifai kuwa vya pamoja, na hapa hatuna mjadala. Kila mtu awe na tochi yake ya kichwani, kiberiti, ramani, dawa ya maji, nguo ya joto na chakula cha siku moja. Wapo wanaogawana hema lenyewe, mmoja akibeba kitambaa na mwingine vyuma vyake ili uzito ulingane. Mkipoteana kwenye ukungu, hakuna mwenye hema. Heri mmoja alibebe zima na mwenzake awe na mfuko wa dharura wa kulalia, wa gramu mia na kidogo. Kupoteana ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mmoja anachepuka kujisaidia, mwingine anapita njia panda akidhani mwenzake yuko nyuma. Sheria iwe moja tu: wa mbele husubiri kwenye kila njia panda na kila mto wa kuvuka.

Sasa mwendo, ambao tunaamini ndio huvunja safari nyingi za wawili. Mwenye kasi hutangulia, hufika kwenye kivuli, hupumzika dakika kumi. Mwenzake anapofika akihema, yeye anavaa shanta na kusimama. Mmoja anapumzika mara sita kwa siku, mwingine hapumziki hata mara moja, na jioni hasira inatoka bila kujua imetoka wapi. Mwenye mwendo mdogo atangulie, hasa mlimani, na saa ya mapumziko ianze pale wa mwisho anapokaa chini. Malengelenge nayo yawe sababu halali ya kusimama wakati wowote: ngozi ikianza kuwaka moto bandika plasta hapo hapo, maana baada ya nusu saa ya kuona haya kumchelewesha mwenzio utakuwa na kidonda cha wiki nzima.

Chakula hesabuni gramu 700 hadi 900 kwa mtu kwa siku. Mafuta hutoa kalori 9 kwa gramu, wanga na protini 4, kwa hiyo karanga na mafuta ya kupikia ndivyo vinavyostahili nafasi. Baada ya wiki chache njaa hubadilika kuwa kitu kingine kabisa, na mwenye mwili mkubwa huumia zaidi mkila sawasawa. Chakula cha jioni kipikwe pamoja, ila vitafunwa vya mchana kila mtu awe na mfuko wake. Kwenye sehemu za milima ya Sierra Nevada, huko California, ambako sheria inataka chakula kibebwe kwenye kopo gumu lisilofunguliwa na dubu, kila mmoja achukue lake. Ugomvi ukiwaka saa kumi jioni, kuleni kwanza.

Usiku, pumzi za watu wawili hugeuka kuwa maji kwenye kuta baridi za hema. Fungueni matundu ya hewa pande zote hata kukiwa na baridi, na msilale chini kabisa ya bonde, mahali hewa baridi yenye unyevu inapotuama. Asubuhi pangusa kuta kwa kitambaa kabla ya kukunja. Kichujio cha maji cha nyuzi kikiganda hata mara moja kinaweza kupasuka ndani bila kuonekana kwa nje, na kikaendelea kupitisha maji yenye vijidudu. Kiingie kwenye mfuko usiovuja, kisha kwenye begi la kulalia la mtu mmoja anayejulikana.

Ukishazoea haya, raha zake ni kubwa. Mmoja anasimamisha hema, mwingine anateka maji, na kambi iko tayari kabla ya mtembeaji wa peke yake kumaliza kupigilia vigingi. Na mara moja moja, kwenye kipande cha njia kilicho wazi, tembeeni asubuhi nzima kila mtu peke yake. Mkikutana mchana mna cha kusimuliana, jambo linaloadimika mwezi wa tatu. Kabla ya kuachana, kila mmoja ataje kwa sauti mahali pa kukutana, saa, na atafanya nini mwenzake akichelewa saa moja.